Tulishonwa Juma Moja

Mimba yangu ya kwanza ilitoka nikiwa kazini, nasahihisha madaftari ya darasa la pili. Sikuumwa. Watu walishindwa kunielewa hapo kila nilipowasimulia. Walitaka niwe nimeanguka, au nimebeba ndoo nzito, au nimekula kitu kibaya. Mimi nilihisi uzito tu chini ya kitovu, nikaenda choo cha walimu, na baada ya muda mfupi kila kitu kilikuwa kimekwisha. Ilikuwa ya miezi mitano. Ya pili ilitoka vilevile mwaka uliofuata, nikiwa nyumbani Mfaranyaki, mjini Songea, nimekaa kibarazani napepeta mchele.

Mama mkwe wangu alisema ni kazi yangu ya kusimama ubaoni kutwa nzima. Alikuwa mkulima wa kijiji cha Mpitimbi, mwanamke mrefu, mkavu, asiyezungusha maneno. Mume wangu alikuwa dereva wa lori la mahindi, na mara zote mbili habari zilimkuta njiani.

Mimba ya tatu ilipofika miezi mitatu nilipelekwa kwa daktari wa wanawake. Alikuwa kijana kuliko mimi. Alinisikiliza mpaka mwisho, na alikuwa wa kwanza kutouliza nilikuwa nimebeba nini.

"Mwalimu," aliniambia, "ukiwa na mfuko wa salfeti uliojaa mahindi, na mdomo wake haujafungwa, ukiuinamisha nini kinatokea?"

"Yanamwagika."

"Basi mlango wako wa kizazi umelegea. Mtoto akianza kuwa mzito unafunguka wenyewe, bila uchungu. Tutaushona kwa uzi mgumu, uzunguke mlango wote, tuukaze. Ukifika wiki ya thelathini na saba tunaukata uzi, unajifungua kama wenzako."

"Utashika?"

"Mara nyingi unashika."

Niliyasikia hayo maneno "mara nyingi" na sikutaka kuuliza zaidi.

Nilishonwa mwezi wa sita, ukungu umeufunika mlima Matogoro tangu asubuhi na baridi ya Songea inapita mpaka kwenye mifupa. Walinidunga sindano ya mgongo, miguu ikafa. Nililala nikitazama dari huku nikisikia vyuma vikigongana kwenye sinia. Nesi aliyenishika mkono aliniuliza nafundisha darasa la ngapi. Nilimjibu, akaniuliza kama watoto wa siku hizi wanajua kusoma, tukaongea hivyo mpaka daktari akasema, "Tayari." Nilidhani ndiyo kwanza anaanza.

Kitanda cha pili kutoka changu alilala mwanamke aliyeshonwa siku mbili kabla yangu. Alitoka kijijini Tunduru, kwenye mashamba ya korosho, upande wa kwenda Mbesa. Alikuwa mwembamba, amejifunga mtandio hata akiwa amelala, na alisali pale pale kitandani kwa ishara za kichwa, kwa kuwa alikuwa amekatazwa kuinama. Nilimsalimia, tukaulizana, na kama ilivyo kawaida ya wodi ile tukahesabiana.

"Mimi mbili," nilisema.

"Mimi nne, dada. Hii ya tano." Alivuta shuka mpaka kidevuni. "Mume wangu ameshaambiwa na ndugu zake aoe mwingine. Amewajibu tungoje hii."

Daktari aliturudia siku ya tatu. Mimi aliniruhusu, nikapumzike nyumbani, nisinyanyue kitu, nirudi kila wiki mbili. Mwenzangu aliambiwa asirudi kwao. Kijiji chake kilikuwa mbali na lami, na kama lolote lingetokea asingewahi. Atafute pa kukaa hapa mjini mpaka mimba ikomae.

"Sina mtu Songea," alisema. Hakulia. Alisema tu, kama mtu anayejibu swali la kwenye fomu.

Mimi ndiye niliyemwambia aje kwangu. Hakuna aliyenilazimisha. Nyumba yetu ina vyumba vitatu, mume wangu hayupo nusu ya mwezi, na nilikuwa naogopa kulala peke yangu na ule uzi. Nilifikiri wawili tutaogopa kidogo.

Mama mkwe alikuja kutoka Mpitimbi kutuuguza. Aliteremka kwenye pikipiki na mfuko wa unga, maharage, na kuku mmoja aliyefungwa miguu. Alipomkuta mgeni kwenye chumba cha pili alisimama mlangoni akamtazama.

"Shikamoo mama," yule dada akajaribu kuinuka.

"Marahaba. Lala, lala. Na wewe umeshonwa?"

"Ndiyo, mama."

"Haya." Akageuka kwenda jikoni. "Basi nitasonga ugali mkubwa."

Tuliishi hivyo kwa wiki tisa. Asubuhi mama alitandika mkeka uani upande wa jua, akatuletea uji, tukajilaza kama nguo zilizoanikwa. Yule dada alinifundisha kusuka ukili wa mkeka. Nikasuka vibaya, akafumua, nikasuka tena. Mimi nilimsomea magazeti ya zamani, hata matangazo ya vifo. Mama alipoona tumelala alikuja kutuangalia nyuso, akidhani hatumwoni. Jumapili alikwenda misa ya kwanza ili awahi kurudi kutupikia. Ijumaa alimchemshia mgeni maji ya kuoga mapema bila kuambiwa.

Yule dada alikuwa akihesabu wiki kwa vidole, mimi kwa kalenda iliyotundikwa ukutani. Tulitofautiana siku nne tu. Wa kwangu alianza kucheza kabla ya wake, na kwa siku kadhaa nilimwona ananyamaza, mkono tumboni, anangoja. Asubuhi wa kwake alipocheza alinishika kifundo cha mkono akakibana mpaka kikaniuma. "Dada, huyu hapa. Huyu hapa." Nilifurahi naye. Nataka hilo lijulikane, kwamba nilifurahi naye kweli.

Mwezi wa nane, upepo ukiwa umeanza kupeperusha vumbi, nilipata homa. Nilidhani mafua. Siku ya pili nikaona uchafu wenye harufu kwenye nguo, nikafua kimyakimya. Niliona haya kusema. Nilijua nilichoambiwa kliniki, kwamba dalili kama hiyo nisiikalie hata saa moja, na mimi niliikalia siku nzima. Nilijiambia miadi yangu ni keshokutwa.

Ilikuwa kesho yake, saa nane mchana. Mama alikuwa ameenda sokoni, na simu yake ilikuwa inachajiwa ndani. Tumbo lilianza kukaza. Safari hii niliumwa, na maumivu yalipokuja nilihisi uzi unavutwa, kitu kinachotaka kutoka na kitu kinachokizuia. Nilipiga kelele mara moja.

Yule dada aliinuka mkekani. Alikuwa amekatazwa kusimama kwa muda mrefu, achilia mbali kutembea haraka. Alitoka nje ya geti, nikamsikia akiita barabarani, "Jamani bajaji! Bajaji!" Alirudi na dereva, wakanishika huku na huku. Ndani ya bajaji alinipakata kichwa, na kila tulipopita kwenye tuta aliniinua ili nisitikisike. Yeye mwenyewe nani alikuwa anamwinua? Sikufikiria. Alikuwa anasoma dua kwa sauti ya chini, haraka haraka.

Hospitalini walisema kuna maambukizi, na lazima uzi ukatwe sasa hivi maana ungechana mlango wote. Niliwaomba wasiukate. Nesi, si yule wa mwanzo, aliniambia, "Mama, mtoto anakuja na uzi au bila uzi." Daktari akaukata. Nilisikia mlio mdogo wa mkasi, basi.

Alikuwa wa kiume. Alizaliwa akiwa hai. Mama mkwe alikuwa amefika, ameitwa na jirani, amekimbia kutoka sokoni na kapu lake, na alipoona jinsi manesi wanavyoangaliana alitoa chupa ya maji ya kunywa kwenye kapu, akamimina kidogo kiganjani, akambatiza mjukuu wake pale pale, kwa jina alilolichagua yeye. Jina hilo silitaji hapa. Mtoto aliishi muda ambao nilishindwa kuupima. Mama anasema haukufika nusu saa.

Yeye na wanawake wengine wawili wa ukoo walimpeleka Mpitimbi kumzika. Mimi nilikuwa bado nimelazwa. Mume wangu alikuwa bandarini Dar es Salaam, akashusha mzigo na kugeuza siku hiyo hiyo, lakini alipofika kaburi lilikuwa limeshakauka.

Nikarudi nyumbani, na yule dada alikuwa pale pale. Hakukuwa na mahali pengine pa kwenda. Alihamisha mkeka wake ukawa nyuma ya nyumba ili nisimwone, akaanza kuvaa khanga mbili kwa mbele, zilegee zifiche tumbo. Alikula chumbani. Akikohoa alikohoa taratibu. Kila alichofanya ili kunirahisishia kilinikera zaidi. Maziwa yalikuwa yametoka, matiti yamekuwa magumu kama mawe, nayafunga kwa kitambaa, na kwenye chumba cha pili yuko mtu aliyeshonwa juma lile lile, na daktari yule yule, kwa uzi wa aina ile ile.

Siku moja asubuhi, kama wiki mbili baadaye, nilikwenda nyuma ya nyumba kuanika nguo. Alikuwa amekaa, miguu ameinyoosha, na hakuniona. Mtoto wake alikuwa anacheza. Nilijua kwa jinsi alivyoegemeza kiganja ubavuni na kutabasamu kidogo, peke yake. Aliponiona alikiondoa kile kiganja haraka kama mtu aliyeungua.

"Dada," nilimwambia, "utaondoka lini?"

Aliniangalia. Ningeweza kusema kingine hapo. Ningeweza kusema namaanisha kliniki, au namaanisha mwezi gani. Nilinyamaza, nguo mbichi ikinidondokea miguuni.

"Kesho inshallah," alisema.

Hakunikumbusha daktari alisema nini. Hakunikumbusha bajaji. Jioni ile alikunja nguo zake, akazitia kwenye begi, akafagia chumba. Alfajiri mama akampeleka stendi. Mimi nilijifanya nimelala. Nilisikia geti, nikasikia mama akimwambia, "Usishike hilo begi, mwanangu, nipe mimi," kisha pikipiki za barabarani zikafunika sauti zao.

Mama aliporudi aliweka maji ya chai jikoni, akaja akasimama mlangoni kwangu.

"Umemtoa mgonjwa ndani ya nyumba ya mwanangu," alisema. "Mimi nimezika mjukuu, na wewe umezika mtoto. Yule alikuwa bado hajazika." Hakusema nami tena siku ile, wala iliyofuata. Alinipikia, akanifulia, akanikanda tumbo kwa maji moto, yote bila neno. Siku ya tatu alirudi Mpitimbi.

Mume wangu aliporudi safari na kusikia aliweka kijiko chini. "Ulimwambia aende? Na tumbo lile? Kwenye basi, halafu pikipiki porini?"

"Sikumwambia aende. Nilimuuliza lini."

"Sawa," alisema, akatoka kwenda kuangalia matairi.

Nilikuwa na namba ya simu ya yule dada. Niliandika ujumbe, nikafuta. Kila nilipofikiria kupiga niliwaza atakayepokea ni mumewe, na atakachoniambia nilishakijua. Nikarudi kazini mwezi wa tisa. Walimu wenzangu walinipokea kwa upole, wakaniwekea kiti darasani. Nilifundisha kujumlisha na kutoa nimekaa. Ikifika saa ya mapumziko nilihesabu wiki zake, maana zangu zilikuwa zimesimama na zake sikuweza kuziacha. Ishirini na tisa. Thelathini na moja. Kama uzi umeachia, sababu ni mimi. Nilikuwa naenda kanisani na nashindwa kumwomba Mungu uzi ule ushike, kwa sababu kuliomba hilo kungekuwa kukiri kwamba kuna jambo nimelifanya. Na kuna siku nyingine, lazima niseme, nilitaka uwe umeachia. Haikuwa siku nyingi. Lakini zilikuwepo.

Mwezi wa kumi na mbili, mvua zimeshika, nilikwenda Mpitimbi kusaidia kupanda mahindi. Tulikuwa shambani, mama mbele na jembe, mimi nyuma na mbegu. Alisema bila kugeuka, "Amejifungua."

Nilijua nani. "Lini?"

"Wiki tatu zilizopita. Wa kike. Wote wazima."

"Mama, mbona hukuniambia?"

Alichimba shimo jingine, akasogea. "Hukuuliza."

Kumbe alikuwa anampigia kila wiki. Mimi niliendelea kudondosha mbegu, mbili mbili, mpaka mwisho wa tuta, na pale mwisho nikakaa chini kwenye matope. Sikujua nalia kwa furaha au kwa kijicho. Mama aliniacha nilie, akaanza tuta la pili.

Nilimpigia siku ile ile, nimesimama kwenye kichuguu mtandao unapopatikana.

"Salama, dada?" alisema. Alikuwa amehifadhi namba yangu.

"Salama. Nimesikia habari."

"Alhamdulillahi." Mtoto alianza kulia karibu na simu. "Subiri, nimpeleke ndani."

"Mwache," nilisema. "Mwache alie."

Alinisimulia nilipomuuliza. Ndani ya basi alianza kutoa damu, si nyingi. Hakufika nyumbani, mumewe alimpokea njiani akampeleka moja kwa moja hospitali ya misheni, akalazwa pale mpaka uzi ulipokatwa. Alilala kitandani miezi miwili na zaidi. Alikuwa anatazamana na ukuta, alisema, kwa sababu upande wa pili kulikuwa na wodi ya waliojifungua.

"Nisamehe," nilimwambia.

Nilimsikia akimbembeleza mtoto kwanza.

"Siku ile kwenye basi nilikuapiza," alisema. "Nilipoona damu nilikutaja jina, nikakuapiza. Baadaye nikatubu kwa Mwenyezi Mungu. Kwa hiyo na wewe nisamehe."

"Nimekusamehe."

"Na mimi nimekusamehe, dada. Lakini usije kwanza. Usije kumwona. Sijui kwa nini, bado naogopa macho yako."

Nilimwambia naelewa. Nililielewa neno moja moja, na yote kwa pamoja yalinikaa kifuani kwa muda mrefu sana.

Sikwenda. Mama alikwenda, mwaka uliofuata baada ya mavuno, akakaa huko siku nne. Aliporudi alinionyesha picha kwenye simu yake, mtoto amekaa juu ya turubai la korosho, amekunja uso kwa jua. Nilitazama nikampa simu yake. Usiku huo mume wangu aliniambia kuwa daktari ametaja namna nyingine ya kushona, ya juu zaidi, wanapasua tumbo, haifanyiki hapa, ingebidi twende mbali. "Ukitaka," alisema. Nilimwambia nitafikiria. Mpaka leo ninafikiria, na yeye ameacha kuuliza.

Mwezi wa tano mwaka huu simu yangu iliita nikiwa darasani. Ilikuwa namba yake. Nilitoka nje.

"Dada, nipo Songea," alisema. "Nina mimba nyingine. Nimeshonwa jana, na daktari wetu yule yule."

"Uko wapi? Wodini?"

"Wodini. Nimepata pa kufikia, usihangaike. Kuna binamu wa mume wangu amehamia hapa Lizaboni." Alisita. "Nilitaka tu kukuuliza kama utakuja kunisalimia."

Nilikwenda saa kumi jioni, muda wa kuona wagonjwa, na chupa ya uji. Wodi ilikuwa imepakwa rangi mpya, vitanda vilikuwa vile vile. Alikuwa amenenepa kidogo usoni. Nilivuta stuli nikakaa. Nilimmiminia uji, akanywa, akaniuliza habari za mama, nikamwambia magoti yanamsumbua. Alisema binti yake amebaki kwa bibi yake na anasumbua kula. Nilimuuliza anaongea? Akasema anaongea sana, Kiyao na Kiswahili amechanganya, hakuna anayemwelewa ila baba yake. Nilicheka. Alinitazama nilivyocheka, kwa makini, kisha akaendelea kunywa.

"Na wewe?" aliuliza.

"Bado."

Hakuniambia Mungu atajalia. Alinirudishia kikombe, nikaenda kukiosha kwenye sinki la mwisho wa wodi. Niliporudi alikuwa amefunga macho, mikono yote miwili juu ya tumbo ambalo lilikuwa bado halijaonekana, na safari hii hakuiondoa. Nilikaa. Nesi alipopita akitangaza kuwa muda umekwisha, nilimwomba dakika tano, akanipa.